Mwanarusi, Mwosha Kanda wa Shika Adabu, na Nguva Aliyeota Masharubu

Saa mbili asubuhi, jua la Shika Adabu halijapata nguvu za kumsumbua mtu. Kwenye baraza ya nyumba ya tatu kutoka kisimani, mwanamke ameketi juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, na katikati ya vidole vyake viwili unapita utepe mweusi unaong'aa kama mgongo wa mkunga. Unatoka gurudumu la kushoto, unapitia kitambaa cha leso kuukuu kilicholowa spiriti, unaingia gurudumu la kulia. Haukatiki. Haujipindi. Mwenyewe macho ameyafumba nusu.

Ukidhani amelala, subiri utepe ufike penye ukungu. Vidole husimama vyenyewe.

"Hapa pana harusi," asema Mwanarusi Matano, macho bado ameyafumba. "Kanda za harusi huota ukungu mahali pamoja tu, pale bibi harusi anapotolewa. Watu hurudisha nyuma, wakatazama, wakarudisha tena, mwisho wakaondoka wakaiacha imesimama papo hapo."

Mkono wake wa kulia una tasbihi. Gurudumu likizunguka mara moja, punje moja inashuka. Hivyo ndivyo anavyojua amefika wapi na amebakiza kiasi gani. Mwalimu mmoja wa madrasa alipita siku moja akaiona ile tasbihi inavyokwenda tangu asubuhi, akasimama kumpongeza kwa uradi.

"Nilishindwa kusema uongo," Mwanarusi acheka. "Nikamwambia, 'Maalim, nahesabu sinema.' Tangu siku hiyo akipita hutoa salamu tu. Hasimami."

Mwanarusi ana miaka arobaini na mmoja, watoto watatu, na kazi ambayo ukiitaja kwenye fomu ya serikali karani atakuomba urudie. Anaosha kanda za video. Hewa ya huku pwani ina chumvi na majimaji, na kanda ikikaa kabatini miezi mitatu huota ukungu mweupe kama unga wa muhogo. Ukiitia kwenye deki hivyo hivyo, unga ule unaganda kwenye kichwa cha mashine na kioo kinajaa chenga, zile punje nyeupe zinazochezacheza mpaka humjui mwizi wala polisi.

Basi kanda zinakuja kwake. Anazinusa kwanza. Ya Mtongwe inanuka chumvi, ya Chaani inanuka mafuta ya taa, na ya kwa watu wenye uwezo inanuka dawa ya mende. Anafungua skrubu tano kwa bisibisi ya fundi saa, anaosha, anafunga, kisha anailaza kanda siku mbili ndani ya debe lenye mkaa mkavu chini na gazeti juu, mkaa unywe unyevu uliobaki. Bei ni shilingi kumi na tano. Siku njema anaosha nane. Mwezi mzuri unampa elfu mbili na kitu, na miezi mibaya haiulizwi.

Dishon, mwenye duka la kukodisha kanda huko Chaani, huvuka na kikapu kizima kila Jumatatu. "Zamani nilikuwa nikitupa kanda kumi kwa mwezi," asema. "Siku hizi nimetupa moja tu, ile ya mieleka, na hiyo ni mbuzi aliitafuna. Nilimletea huyu mama nayo. Akaniambia mbuzi si ukungu."

Vidole hivyo zamani vilikuwa vikishona kofia za viua, zile za kutariziwa vitundu. Mwanarusi haoni tofauti kubwa. "Kofia ukikosea tundu moja, mwenye kuivaa atakuwa kituko msikitini. Kanda ukiivuta vibaya, bwana harusi ataota vichwa viwili. Zote ni aibu za watu, nimeshikishwa mimi."

Lakini mwosha kanda huyu anayo kanda moja chafu ambayo hajaiosha hata siku moja, wala hataki. Imo ndani ya debe la mkaa, chini kabisa, imefungwa kwa leso. Na kando yake, tangu mwezi wa saba mwaka huu wa 1993, ipo ya pili, safi, mpya, ya sinema ileile. Hizo kanda mbili ndizo zilizomnyima usingizi mtu mzima.

Ile chafu ilimjia mwaka 1987, miaka miwili baada ya kufiwa na mumewe. Alinunua deki ya mtumba kwa baharia mmoja wa Kisauni, akitaraji kuwaonyesha watu sinema uani Jumapili. Kuifikisha nyumbani, akakuta mna kanda imenasa ndani. Akarudi kulalamika. Baharia akamwambia ile ni zawadi.

Aliitoa kwa kisu cha jikoni, nusu siku nzima, jasho likimtiririka. Hapo ndipo alipojifunza kazi. Haikuwa na jalada wala jina. Ilikuwa nakala ya nakala ya nakala, sauti imekufa imebaki mvumo wa nyuki, na picha ilikuwa kama mtu anayekusimulia ndoto aliyoota mwenziwe.

Walichokiona watu wa Shika Adabu ni hiki: msichana wa Kizungu, nyumba nyeupe kando ya bahari, na mnyama mweusi, mnene, hana miguu, anamfuata yule msichana popote aendapo. Mahali fulani ananaswa wavuni. Msichana analia, anaukata wavu, mnyama anakwenda zake. Kisha anarudi.

Rangi zilikuwa zimechoka kiasi kwamba maji na mchanga na sakafu vilikuwa kitu kimoja, kijivu. Ilionekana kana kwamba bahari imeingia kila mahali na watu wote wanaishi ndani yake kwa amani. Na kwa kuwa sauti hakuna, Mwanarusi alijitwika kazi ya kusema. Alisimama kando ya televisheni na kijiti, akieleza.

"Chenga zilikuwa nyingi mno," akumbuka. "Watoto wakaniuliza, 'Mama, ni nini hivyo vyeupe vinaanguka?' Nikawaambia ni theluji. Huko Ulaya baridi kali. Wakauliza, 'Mbona inaanguka mpaka ndani ya nyumba, mpaka kitandani?' Nikawaambia ndiyo shida wanayoishi nayo wale."

Watu wazima walitikisa vichwa kwa huruma. Mama mmoja alisema bora joto letu.

Na yule mnyama? Hakuna aliyeuliza. Ana mwili mnene, hana miguu, yuko majini, anapenda watu. Mtoto yeyote wa pwani hii angekwambia ni nguva. Pale msichana alipotoa kitu kwenye ndoo na kumlisha, Mwanarusi alisema ni nyasi za baharini, maana nguva hula nyasi. Kwenye ndoo ile mlikuwa na ukungu tu, angesema lolote.

Jumapili hiyo ya kwanza, baba yake alikuwa ameketi nyuma, amekuja kwa kuitwa tu, sinema si mambo yake. Wavu ulipokatwa, mzee alisimama wima, kofia ikamwanguka.

"Ndiye!" alisema. "Wallahi ndiye!"

Ili kumwelewa Mzee Matano wa Mtongwe, lazima urudi mwaka 1958. Alikuwa mvuvi, na alikuwa na jarife, wavu mpana wa kunasia papa, alioununua kwa ubia na rafikiye Stambuli. Siku hiyo Stambuli alikuwa na homa, hakutoka. Matano akaenda peke yake, na alipokwenda kuutazama wavu alikuta mmenaswa nguva jike, na mtoto wake anazunguka nje akimsukuma mama kwa kichwa. Nguva alikuwa akipanda juu kuvuta pumzi na kushuka, akipanda na kushuka, na kila akipanda alikuwa akimtazama.

Matano aliukata wavu, pima sita nzima. Nguva akaondoka na mwanawe.

Alirudi nyumbani na tundu ambalo ng'ombe angepita, na hadithi. Stambuli alitoka ndani amejifunika shuka, akautazama wavu, akamtazama mwenziwe. "Jiwe limekukatia wavu kwa uzembe wako," alisema, "wewe unaniletea nguva."

Kuanzia hapo jina likawa Matano Nguva. Akitoa ushahidi wa jambo lolote, hata kuandama kwa mwezi, kuna mtu atauliza kama kulikuwa na nguva. Mahari ya Mwanarusi ilipokuwa ikizungumzwa, upande wa bwana harusi kuna aliyetania kwamba maneno ya mzee yahesabiwe nusu. Watu walicheka. Mzee naye alicheka. Alipofika nyumbani hakula.

"Akaacha kusimulia," asema Mwanarusi. "Miaka mingi. Sisi watoto wake tulimwonea haya kumuuliza."

Sasa elewa ile kanda chafu ilifanya nini. Kila Jumapili, mbele ya watu arobaini, mnyama ananaswa na mtu mwema anaukata wavu. Mzee Matano akawa na kiti chake cha mbele. Watoto wakawa wanamgeukia, "Babu, wako alikuwa mkubwa hivi?" Naye akajibu, kidogokidogo, maneno mawili leo, manne kesho kutwa. Hadithi ikarudi kinywani mwake. Watu wakaanza kusema labda ni kweli. Hata Mzee Stambuli alikuja, akaketi nyuma kabisa karibu na mlango wa choo, akanyamaza. Utabishana vipi na televisheni?

Miaka sita ilipita hivyo, raha mustarehe. Macho ya Mzee Matano yakaanza kuingiwa na mtoto wa jicho, jeupe, mpaka akawa haoni ila vivuli, lakini kiti chake hakukiacha. Alisema picha ile anaiona vilevile. Ukiifikiria sana hiyo, alikuwa anasema kweli tupu: hata wenye macho hawakuwa wakiona zaidi.

Tatizo ni kwamba kanda nayo ni kiumbe. Utepe ulianza kukatika. Mwanarusi aliuunga mara moja, mara mbili, mara ya tatu akaona hautafika mwaka. Akamwandikia barua wifi yake Zubeda, anayefanya kazi za nyumbani Dubai: nitafutie sinema, sijui jina, ina msichana, nyumba nyeupe na nguva.

Zubeda alizunguka madukani mwaka mzima akieleza kwa mikono. Mwezi wa saba akaja likizo, na kabla hata hajavua buibui akatoa kanda ndani ya mkoba. Ilikuwa toleo halali, lenye jalada gumu, na juu ya jalada picha kubwa ya rangi.

"Wifi," alisema Zubeda, "huyu ndiye nguva wenu?"

Mwanarusi alitazama. Mnyama alikuwa na macho ya duara kama paka mdogo, ngozi ya madoadoa, na masharubu marefu meupe kama afisa wa forodha aliyestaafu.

"Funga mlango," alisema Mwanarusi.

Waliitazama wawili tu, mchana, watoto wako shule. Ilikuwa safi ya kutisha. Maji yalikuwa maji, mchanga ulikuwa mchanga, unyasi ulikuwa kijani mpaka ukatamani kuung'oa. Hakukuwa na theluji hata punje moja, ilikuwa ni kiangazi, wale watu wamevaa kaptura. Kwenye ndoo mlitoka samaki, mmoja baada ya mwingine, wanang'aa. Na pale mahali ambapo miaka sita watu wa Shika Adabu walimwona nguva akielea kwenye bahari tulivu ya kijivu, alikuwa jikoni, juu ya vigae, karibu na friji.

Sauti nayo ilikuwamo. Yule mnyama alipofungua kinywa alibweka.

Zubeda alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mwanarusi hakucheka. Jioni alikwenda na lile jalada kwa Mwalimu Rispa, mpangaji wa nyumba ya pili anayefundisha sayansi shule ya upili, akauliza kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua. Rispa alitazama mara moja. "Huyu anaitwa sili. Anaishi kwenye bahari za baridi. Nguva ni mbali kabisa."

"Hata ujamaa hawana?"

"Hata wa mbali, Mama."

Kazi ya Mwanarusi ni kusafisha picha. Miaka sita amekuwa akiwaambia watu picha safi ni haki yao. Na sasa picha safi imemjia mkononi, naye akaifunga kwa leso na kuizika ndani ya mkaa. "Niliona ninamzika baba yangu akiwa hai," asema. "Ile chafu ndiyo iliyomrudishia neno lake. Hii safi, wakiiona tu, watasema: basi hata wa kwenye sinema hakuwa nguva. Wataanza upya. Na yeye ana miaka sabini."

Alikaa nayo wiki tatu. Jumapili ya nne, wavu ukiwa ndiyo kwanza unakatwa, utepe wa ile kanda kuukuu nao ukakatika, safari hii vipande vitano. Kioo kikawa cheusi. Watoto wakapiga kelele. Na Zubeda, Mungu amsamehe, aliyekuwa akigawa bisi, akasema kwa sauti ya kuwatuliza, "Nyamazeni jamani, si ipo mpya!"

Ikawa imetangazwa. Jumapili ijayo.

Wiki hiyo Mwanarusi alijaribu kumwambia baba yake. "Nilimpelekea uji asubuhi, nimejipanga maneno yote. Nikaketi. Akasema, 'Enhe, mwanangu?' Nikamwambia sukari imepanda bei."

Jumapili yenyewe, saa kumi jioni, ua ulikuwa umefurika. Habari za kanda ya kutoka Dubai zilikuwa zimefika mpaka Mtongwe. Mzee Matano alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, akaongozwa hadi kiti chake. Mzee Stambuli naye alikuja. Safari hii hakuketi karibu na choo. Alivuta kibao akaketi safu ya pili, nyuma ya Matano.

Picha ikatokea. Ua mzima ukavuta pumzi kwa pamoja. Hakuna aliyekuwa amewahi kuona televisheni ile ikiwa na rangi ya buluu.

"Mama, theluji iko wapi?" aliuliza mtoto.

"Imekwisha," alisema Mwanarusi.

Kisha mnyama akatoka majini. Alijivuta mchangani, akajitikisa, akaigeuzia kamera uso mzima. Halafu mtoto mmoja akaangua kicheko. "Nguva gani huyu ana masharubu!"

Wakalipuka. Watu walishikana mabega. Ndoo ikaja, samaki wakatoka, na mama mmoja akasema, "Mwanarusi, nyasi zako zina mikia leo!" Kicheko kikazidi. Jikoni kulipofika, kuna mtu alilala chini kabisa. Mwanarusi alisimama na kijiti chake mkononi, hana la kuelekeza.

Mzee Matano alikuwa akigeuza kichwa huku na huku. "Mnacheka nini?" aliuliza. "Mwanarusi."

"Abee, Baba."

"Wanacheka nini?"

Alijibiwa na mtoto, "Babu, ana masharubu!"

"Wapi?"

"Mdomoni!"

Ua ulikuwa unangoja azidi kuaibika, kwa utani tu, ule utani wa miaka yote. Mzee hakuaibika. Aliinua kiganja chake cha kulia, akakitazama kwa macho yake yasiyoona, akakisugua kwa kidole gumba.

"Sasa nguva asiwe na masharubu kwa nini?" alisema. "Mimi nilimshika. Nilipokuwa nikimtoa uzi uliompita mdomoni, aliniwekea mdomo hapa. Mafupi, magumu, mengi, kama brashi ya kusugulia sufuria. Na mdomo wenyewe umeinama chini. Kiganja kiliniwasha siku mbili."

Vicheko vilipungua, vikabaki kimojakimoja. Watu wakamgeukia Mzee Stambuli. Ilikuwa zamu yake, miaka thelathini na mitano hakuwahi kuikosa.

Stambuli alikuwa ameinamisha kichwa. "Nani kakwambia habari za masharubu?" aliuliza polepole.

"Nani wa kuniambia? Kiganja."

"Hukuwahi kuyataja."

"Hukuwahi kuniuliza, Stambuli. Ulitazama wavu tu."

Televisheni iliendelea peke yake, msichana akikimbia kwenye unyasi. Stambuli alikohoa. Kisha akaongea kama mtu anayejisemea mwenyewe. Alisema akiwa mtoto wa miaka minane babu yake alileta nguva nyumbani, akachinjwa uani, naye akapewa kazi ya kushikilia kichwa. Alilia usiku kucha, na hakuwahi kumweleza mtu, kwa kuwa aliona haya kumlilia kitoweo.

"Ana masharubu," alisema Stambuli. "Kama brashi. Na mdomo umeinama. Hayo hayajui mtu ila aliyemshika." Kisha akasema, "Pima ngapi ulikata?"

"Sita."

"Mimi nilihesabu saba."

"Ya saba ilikuwa jiwe," alisema Mzee Matano.

Ua wote ulicheka, lakini hicho kilikuwa kicheko kingine. Stambuli alisogeza kibao chake, akaketi ubavuni mwa mwenziwe. Wavu ulipofika, wale wazee wawili walikuwa wameshikana mikono kama watu wanaovuka barabara. "Lakini Matano," Stambuli alisikika akinong'ona, "wavu ule ulikuwa mpya."

Sinema ilikwisha jua likiwa bado liko juu ya mabati. Watu walikwenda zao wakibishana kuhusu rangi ya buluu. Mwanarusi alimfuata baba yake kwenye mkeka, akamweleza yote: mnyama yule si nguva, anaitwa sili, ni wa nchi za baridi, hala nyasi, hata kubweka anabweka. Alimweleza na habari za nyasi na theluji alizozitunga.

"Najua alibweka, masikio ninayo," alisema mzee. Halafu akauliza swali ambalo Mwanarusi halijamtoka akilini. "Na huyo sili, huko kwao, mtu akisema amemwona, naye huambiwa mwongo?"

Sasa ni wiki ya tatu tangu siku hiyo. Jina la Matano Nguva bado lipo, hapa jina halifutwi kwa spiriti, ila watu wanavyolitamka kumebadilika kitu. Juzi aliulizwa ushahidi wa mpaka wa shamba huko Mtongwe. Alisema, wakaandika.

Mwezi wa kumi na moja mzee atapasuliwa macho, siku imeshapangwa. Amesema kitu cha kwanza anachotaka kukiona ni yule sili, wazi, na masharubu yake yote. Cha pili ni uso wa Stambuli, aone kama umezeeka kuliko wake.

Mwanarusi naye ana mpango. Sauti ya ile kanda mpya ni ya Kizungu, na watoto wamegoma, wanataka ya kwao. Kwa fundi mmoja Changamwe ameiona deki inayoweza kuingiza sauti mpya bila kuigusa picha. Ni shilingi elfu kumi na nne, naye ameshaweka elfu tano na mia mbili. Akiipata, picha itabaki safi kama ilivyo, na yeye atasema kweli: samaki watakuwa samaki, jikoni patakuwa jikoni. Ila pale wavu unapokatwa atanyamaza, aseme mwenyewe aliyewahi kuukata.

Ile kanda chafu ameiunga vipande vyake vitano. Bado hajaiosha. "Hiyo ni theluji yetu," asema. "Niioshe nibaki na nini?"

Punje ya mwisho ya tasbihi inashuka. Harusi ya watu imetakata. Mwanarusi anakaza skrubu ya tano, anailaza kanda kwenye mkaa, kisha anatoa redio ya kurekodia ya mwanawe na kuiweka katikati ya mkeka, kwa mazoezi tu. Mzee Matano, aliyekuwa akisinzia kwenye kiti upande wa kivuli, anasikia kitufe kikibofywa. Anajinyoosha, anaweka kofia sawa, anakohoa mara mbili.

"Mwanangu, nianzie wapi? Kwenye homa ya Stambuli?"

"Anzia kwenye masharubu, Baba."

Mzee anainua kiganja.

"Yalikuwa mafupi," aanza.